Shangazi Futi, Aliyepima Migongo ya Watoto

Wafiwa wenzangu, majirani, wenzake wa kazini, na ninyi mliosimama pembeni kwa kuwa viti havikutosha, ukoo umenipa tena kazi hii, na hii ni historia ya tano ninayoisoma ndani ya miaka minane, kiasi kwamba wapo ambao wakiniona nimeshika karatasi huanza kuulizana nani amefariki. Nimechoka, sitaficha, tangu Februari tumekesha kwenye mabenchi ya hospitali, kisha kando ya kitanda nyumbani, na usingizi wa benchi si usingizi, kwa hiyo nitasoma polepole, na nikinyamaza kidogo katikati mnisamehe, nitaendelea.

Niseme mapema kwamba tarehe mtakazozisikia ni sahihi, kwa sababu si zangu. Marehemu alijua kwamba mdogo wake huyu hata siku ya kuzaliwa ya mkewe hukumbushwa, kwa hiyo mwezi wa sita aliniomba rasimu ya historia hii, akaisahihisha kitandani kwa kalamu nyekundu, na tarehe za baada ya hapo amezihakiki binti yake, na pale nilipoandika kwamba alipendwa na watu wote, alikata mstari akaandika pembeni, "Waliulizwa wangapi?" Sentensi hiyo nimeiacha imekatwa vivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye kota za reli, akiwa wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa ghala, na mama yetu, aliyekuwa mpishi wa shule, na mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba, niliyebebwa mgongoni na marehemu mpaka ikafika siku akashindwa kusimama na mimi, jambo ambalo baadaye, alipoyajua ya uti wa mgongo, hakuacha kunisimanga nalo.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza Novemba 1970, na katika miaka hiyo kuna tukio moja ambalo wazee wetu walilisimulia hadi wakafa, nalo ni kwamba akiwa darasa la tano, siku ya kupimwa vimo, alimwambia mwalimu mkuu mbele ya mstari mzima kwamba rula iliyochorwa ukutani haikuanzia sakafuni, ilianzia vidole viwili juu yake, kwa hiyo shule nzima ilikuwa imeandikwa fupi. Alichapwa viboko viwili kwa kumsahihisha mkubwa, na muhula uliofuata ukuta ulipakwa rangi upya na rula ikashushwa, pasipo mtu kutamka neno. Aliendelea na sekondari kuanzia 1971 hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha tiba ya viungo tarehe 10 Januari 1977, akahitimu stashahada yake tarehe 6 Juni 1980.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1980 katika hospitali ambayo wengi wenu mnaijua kwa sababu ama mlizaliwa pale ama mlilazwa, akapewa chumba cha mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na chumba cha kufungia vidonda, chenye kitanda kirefu cha ngozi ya plastiki iliyochanika pembe moja na kuzibwa kwa plasta, mifuko ya mchanga ya kunyanyulia, na dirisha linalotazama bomba la maji la uani. Huko ndiko alikopata jina la Shangazi Futi, kwa sababu ya utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kutoka asubuhi hadi jioni, na watoto waliopita mikononi mwake, ambao leo ni watu wazima wenye vitambi, bado wanamwita hivyo, nimewasikia hapa hapa tangu jana.

Mwaka 1982 alihamishiwa pale kijana mmoja, fundi wa kunyoosha migongo kwa mikono, ambaye wagonjwa walimwita Mikono, jina likamganda hadi likaandikwa kwenye ratiba ya zamu. Shemeji yetu huyo, aliyekaa pale mbele, hakuwahi kuitangaza kazi yake, maana chema chajiuza, na watu walimjia kutoka mbali wakiwa wamejikunja, akawabonyeza pingili moja baada ya nyingine, wakarudi makwao wamenyooka, au walau walisema hivyo. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, mimi ndiye niliyeshika pete, nikaidondosha mara mbili, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1985, ambaye ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1988, ambaye ni fundi umeme na amefika jana akiwa bado na vumbi la safari. Marehemu ameacha pia wajukuu wanne, ambao amewapima wote.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa ndipo ukoo ulinishauri nipite haraka, lakini mwenye historia hakunipa ruhusa hiyo.

Kuanzia 1989 hospitali ilipokea watoto wengi wenye maumivu ya mgongo, waliobebeshwa ndoo, waliobeba mikoba ya shule iliyowazidi nguvu, walioanguka mtini, waliokaa miaka kwenye madawati yasiyo na egemeo, na wote walipelekwa kwa Mikono. Mwaka 1992 mganga mkuu aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake, kwamba mifupa ya mtoto bado inakua, haya mabonyezo yanamsaidia kweli au tunasema tu, na akamwagiza marehemu apime, kwa kuwa utepe alikuwa nao tayari. Walitengeneza karatasi ya nyuso sita zilizochorwa kwa mkono, ya kwanza ikicheka na ya sita ikilia, mtoto akaonyesha uso wake kabla ya kubonyezwa na baada ya kubonyezwa, na kwa miaka saba nyuso za kucheka zilijaza mafaili manne, Mikono akaalikwa kufundisha katika hospitali nyingine, na wawili hao walikuwa wakirudi nyumbani jioni wakitembea bega kwa bega, tukawaonea wivu.

Tarehe 3 Agosti 1999 alikuja msichana wa miaka tisa, akabonyezwa, akaulizwa na fundi kama ilivyo kawaida, haya mwanangu, sasa unajisikiaje, akaonyesha uso wa kwanza, akashukuru kwa mikono miwili, akatoka. Marehemu alisimama dirishani akikunja mashuka, akamwona yule mtoto pale bombani ndala ikimtoka, akamwona akijaribu kuinama, akaishia njiani, akamwita mdogo wake amwokotee. Alikaa juu ya kile kitanda kilichochanika, hivyo ndivyo alivyonisimulia wiki ile ile, akafahamu kosa lao lote, kwamba aliyeuliza ndiye aliyetibu, kwamba mama mtu alikuwa amesimama pale pale akitazama, na kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima aliyehangaika naye nusu saa kwamba bado inauma. Aliniambia walipima adabu miaka saba, wakaandika nafuu.

Wengi wangefunga dirisha. Yeye alianza upya, na kwa kuwa wapo hapa wasiojua alifanya nini, nieleze kwa ufupi, kwamba kuanzia tarehe 15 Januari 2001 hadi tarehe 30 Juni 2003 alipokea watoto 124 kwa ridhaa ya wazazi wao, wakagawanywa kwa kuokota karatasi, nusu wakabonyezwa na Mikono pamoja na kufundishwa mazoezi, nusu wakafundishwa mazoezi tu na kuwekewa kitambaa cha moto. Marehemu alikaa chumba kingine, hakuambiwa nani yuko kundi gani, na aliyejua alimpiga marufuku hata kumdokeza, mtoto akaweka alama yake mwenyewe, peke yake, akaitumbukiza ndani ya sanduku la bati. Wala hakuishia kwenye nyuso, alihesabu siku ambazo mtoto hakwenda shule, aliangalia kama anaweza kuokota kitu sakafuni, kama anakaa kipindi kizima bila kuegemea ukuta, na aliandika pia wale walioumia zaidi baada ya kutibiwa, safu ambayo kwenye yale mafaili manne haikuwahi kuwepo.

Shemeji alikubali yote haya bila kinyongo, nasema mbele yake, kwa kuwa hakuwa na shaka hata chembe.

Ripoti ilikamilika tarehe 22 Novemba 2003, kurasa 41, na ilisema kwamba watoto wale, wa makundi yote mawili, walipata nafuu ndani ya wiki kumi na mbili, kwamba waliobonyezwa hawakuwapita wasiobonyezwa kwa lolote la maana, na kwamba kumi na mmoja kati ya waliobonyezwa walipata maumivu zaidi kwa siku mbili tatu, dhidi ya wanne wa kundi la pili. Karani wa masjala alimshauri kwa nia njema aongeze mstari kwamba uchunguzi zaidi unahitajika, kisha aifungie kabatini, ndoa yake ipone, akamjibu kwamba watoto wale walikuja mara sita sita, wengine kwa miguu, na kama jibu lao ni la kulaza kabatini basi afadhali wangeachwa wakacheza. Aliiwasilisha, na nakala moja akaiweka mezani nyumbani, mbele ya mumewe.

Shemeji alisoma jalada tu, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hatukuwahi kulishuhudia katika miaka ishirini, na tarehe 24 Novemba alihamia katika chumba cha zamu pale kazini. Wapo waliomwambia kikulacho ki nguoni mwako, na wengine wao wamekaa hapa leo wameinamisha vichwa, siwataji. Miezi kumi na minne nilikuwa mimi ndiye njia ya maneno kati ya watu wawili waliofanya kazi kwenye korido moja, mwambie dada yako bomba la jikoni linavuja, mwambie shemeji yako fundi ameshaitwa, hadi nikamwambia kila mmoja kwamba nina nyumba yangu na mke wangu mwenye kutaka kusikilizwa. Tarehe 30 Januari 2005 shemeji alirudi na godoro lake juu ya mkokoteni, hakuna aliyeeleza, hakuna aliyeuliza, dada akatandika shuka.

Tangu siku hiyo waliongea habari zote isipokuwa moja. Hospitali ilibadili utaratibu mwaka 2006, mtoto akaanza kuchunguzwa dalili za hatari na kufundishwa mazoezi kabla ya kufikiriwa mikono, na shemeji aliufuata utaratibu huo kwa sababu ulikuwa utaratibu, lakini ripoti ilibaki kwenye rafu ya sebuleni haijafunguliwa, ikapanguswa vumbi kila Jumamosi. Nilijaribu mara mbili kumsemea dada, na mara zote mbili shemeji alinijibu kwamba anachokijua anakijua, kwamba ameshukuriwa na akina mama wengi mno kuhitaji jedwali. Nilimpelekea dada jibu hilo, naye akanijibu maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo, "Sitaki akubali, nataka asome." Hilo ndilo jambo moja alilolitaka kwa mumewe kwa miaka ishirini, na ninyi mliodhani walikuwa na ugomvi wa mashamba au wa wanawake, sasa mmejua.

Alistaafu tarehe 9 Aprili 2016 akiwa na miaka sitini kamili, lakini utepe haukustaafu, aliingia shule ya msingi ya mtaani akapima madawati na miguu ya watoto, akamtafuta seremala, madawati arobaini yakakatwa miguu, na mwalimu mkuu wa sasa, aliyepo hapa, anakumbuka kwamba hakuombwa ruhusa, alipewa taarifa.

Maradhi yake yalianza Agosti 2023 na akayanyamazia, yeye aliyewafundisha wenzake kuandika kila kitu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na tarehe 6 Februari 2024 daktari alituambia kwamba ni saratani ya titi, na kwamba imeshafika kwenye pingili za mgongo. Nilimkasirikia sana siku ile, nasema wazi, nilimwambia mtu anayehesabu siku za shule za watoto wa watu hakuhesabu miezi sita yake mwenyewe, na akaniacha niseme hadi nikaishiwa. Alilazwa mara tatu, tarehe 8 Februari, tarehe 19 Aprili na tarehe 2 Juni, kisha madaktari wakaturuhusu kumtunza nyumbani kwa dawa.

Shemeji aliomba kumtibu kwa mikono. Daktari alimkataza kabisa kubonyeza mifupa ile, akamruhusu kumpapasa tu kwa mafuta, naye akawa anafanya hivyo kila asubuhi saa nne, robo saa, akimuuliza kila akimaliza kama amepata nafuu, na dada akijibu ndiyo, kidogo. Siku za kwanza tulifurahi. Kisha tarehe 4 Julai, mimi nikiwa nimekaa mlangoni namenya chungwa, shemeji aliacha kupapasa, akafuta mikono yake kwa taulo, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anamjibu kweli au anamjibu kwa adabu tu. Dada akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe hajui tena, na kwamba kama anataka kujua kweli, aache kuuliza huku ameshika mgongo, yeye atamwonyesha namna.

Akamwonyesha. Binti aingie kwanza, amuulize namba ya maumivu kuanzia sifuri hadi kumi, aiandike, atoke, kisha baba aingie afanye kazi yake bila kuuliza, atoke hadi mwisho wa ua, kisha binti arudi na karatasi nyingine, na zote ziingie kwenye kopo la maziwa ya unga, lisifunguliwe mpaka mwisho. Walifanya hivyo siku sitini na moja, kuanzia tarehe 5 Julai hadi tarehe 3 Septemba, siku ya mwisho ambayo dada aliweza kutaja namba. Nilimwona shemeji kila siku akisimama pale uani ameupa mlango mgongo ili asisikie, mzee wa miaka sabini na mbili, mikono imelowa mafuta, akisubiri kuitwa, na nilijua wala sikuhitaji kuambiwa kwamba hajawahi kuogopa hivyo maishani mwake.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 11 Septemba 2024, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi mitano na siku mbili.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akija nyumbani na dawa hata siku za mapumziko, kwa majirani mliotuletea maji na kutufulia mashuka bila kuulizwa, kwa jirani wa ukuta wa pili aliyenyamazisha mashine yake ya kuchomelea vyuma wiki nzima ya mwisho, na kwa wenzake wa kazini, wa zamani na wa sasa, mliokuja kukaa naye hata alipokuwa hawezi kuongea.

Nafika kwa shemeji, na hapa nasoma alichoniagiza, neno kwa neno, maana nilimwuliza mara mbili kama ana uhakika. Ameniagiza niwaambie kwamba alifungua kopo juzi, tarehe 12, mimi na binti tukiwa mashahidi, kwamba katika siku sitini na moja namba ilibaki ile ile siku arobaini na saba, ikashuka kidogo siku tisa, ikapanda siku tano, kwamba kwa hiyo mikono yake haikumpunguzia mkewe maumivu, na asitokee mtu wa kumfariji kwa kusema vinginevyo. Ameniagiza niseme pia kwamba siku hiyo hiyo aliishusha ripoti kutoka kwenye rafu, akaisoma kurasa zote 41, na kwamba marehemu alipima sawasawa. Amechelewa siku moja. Anajua.

La mwisho hakuniagiza, nalisema kwa hiari yangu. Kwenye kila karatasi ya baada, chini ya namba, marehemu alimtaka binti yake aongeze swali la pili, wakamficha baba, swali lenyewe lilikuwa, aje tena kesho? Tumezihesabu mara tatu, shemeji kwa mkono wake, na majibu ni ndiyo sitini na moja.

Dada, tumemaliza, nimesoma yote. Ulale sasa, upumzike kwa amani.